Wiki 16 za Usaili: Tangazo Moja, Kazi Tatu

Kampuni ya usambazaji wa bidhaa iliyopo Dar es Salaam, tawi la kundi lenye ofisi ya kanda Nairobi, ilitangaza nafasi ya mwanasheria wa kampuni. Mwombaji alikuwa wakili mwenye miaka 6 kazini, yote katika ofisi moja ya mawakili katikati ya jiji, na mikataba na usajili wa makampuni ndiyo kazi anayoamkia kila siku. Tangu alipotuma maombi hadi alipopata jibu la mwisho zilipita wiki 16. Katikati palikuwa na simu, mtihani, jopo, kazi ya kufanyia nyumbani, usaili wa video, na vipindi virefu vya kimya. Majina hayamo humu, na kisa kimeshonwa kutokana na visa vinavyofanana sana. Wapo watakaosoma na kudhani wamesemwa wao.

Wengi wakisikia kisa cha namna hii husema "walimzungusha". Ni kweli alizungushwa, ila ukizipanga karatasi zake mezani moja baada ya nyingine huoni mtu aliyekusudia kumzungusha. Unachoona ni kampuni iliyofungua nafasi kabla wakubwa wake hawajakubaliana ni kazi gani. Kila mkubwa alikuwa na mwanasheria wake kichwani, kwa hiyo kila hatua ilipima mwanasheria tofauti. Mwombaji alifaulu karibu kila hatua, na kila mara alikuwa amefaulu kwa kazi ambayo meza iliyofuata haikuitaka.

Tangazo

Dalili zote zilikuwa kwenye tangazo. Lilikuwa na majukumu 19. Ukichukua kalamu ukayapanga kwa mafungu unapata hivi: 7 ya kuandaa na kupitia mikataba, 4 ya kesi na kufuatilia madeni, 4 ya ukatibu wa kampuni, 3 ya uzingatiaji wa sheria na kanuni, na la mwisho ni lile la kila tangazo, "kazi nyingine atakazopangiwa na mkuu wake".

Hakuna fungu lililofika nusu, na hapo ndipo pa kusimama. Kazi hizi haziishi vizuri ndani ya siku moja ya mtu mmoja. Wa kesi anaweza kukaa mahakamani Kisutu au CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya mambo ya kazi, hadi saa saba mchana akisubiri shauri liitwe, kisha liahirishwe. Meneja mauzo anayetaka mkataba usainiwe leo hatamngoja. Katibu wa kampuni anaishi kwa kalenda: taarifa za vikao vya bodi, kumbukumbu, ritani (taarifa) ya mwaka kwa BRELA, wakala wa usajili wa makampuni, mabadiliko ya wakurugenzi, taarifa za wamiliki manufaa, yaani watu halisi walio nyuma ya kampuni. Akichelewa, faini hailalamiki, inahesabika tu. Wa uzingatiaji anaandika sera na kufundisha watu wasiotaka kufundishwa. Kampuni ndogo humpa mtu mmoja yote hayo, na huwezekana, mradi waseme wazi ni lipi la kwanza na yapi yatapelekwa kwa mawakili wa nje.

Dalili ya pili: nafasi iliripoti kwa Mkurugenzi wa Fedha "pamoja na" Mkuu wa Sheria wa Kanda. Mabosi wawili, mmoja Dar es Salaam na mwingine Nairobi, halafu kiunganishi kisichosema nani ana neno la mwisho. Mwanasheria angeona kifungu hicho kwenye mkataba wa mteja angekizungushia wino mwekundu.

Ya tatu ilikuwa sharti la "umri usiozidi miaka 35". Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inataja umri miongoni mwa misingi ambayo mwajiri haruhusiwi kubagua kwayo. Kifungu hichohicho kinamhesabu mwombaji wa kazi kama mwajiriwa, na kinayahesabu matangazo na vigezo vya uteuzi kuwa sehemu ya utaratibu wa ajira. Kampuni inayotafuta mwanasheria kwa tangazo lenye kasoro ya kisheria inakwambia bila kukusudia kwamba kwa sasa hakuna mwanasheria anayesoma inachochapisha.

Kulikuwa na njia ya kujua zaidi kwa gharama ndogo. Upekuzi rasmi kwenye mfumo wa BRELA hutoa majina ya wakurugenzi na la katibu wa kampuni. Mwombaji hakuufanya hadi wiki ya 11, na alipoufanya aligundua kwamba katibu wa kampuni hiyo ni ofisi ya mawakili ya nje, imekalia kiti hicho kwa miaka. Maana yake majukumu manne kati ya yale 19 yalikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo analipwa ada. Je, kampuni ilitaka kumwondoa? Jopo halikujua. Swali hilo angelipeleka kwenye usaili mapema, huenda lingefupisha safari kwa miezi miwili.

Maombi yalitaka pia nakala za vyeti zilizothibitishwa. Wakili huthibitishia watu nyaraka mchana kutwa, lakini zake mwenyewe inabidi ampelekee wakili mwenzake, na mwenzake lazima aulize, "Wakili msomi, unahama?" Ndivyo siri ya kutafuta kazi inavyoanza kuvuja kabla ya usaili wa kwanza.

Simu ya dakika 12

Wiki ya 3 afisa rasilimali watu alipiga simu. Maswali yalikuwa ya kawaida: bado unaitaka nafasi, notisi yako ni muda gani, unatarajia mshahara kiasi gani. Mwombaji akajibu, "Milioni nne na nusu." Hakusema ni ya mkononi au ghafi, yaani kabla ya makato. Afisa hakuuliza. Kila mmoja akaandika 4,500,000 kwenye karatasi yake akiwa na maana yake. Kosa hili dogo lililala kimya kwa wiki 12.

Simu hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya kuuliza maswali manne, na afisa wa ngazi ile kwa kawaida huyajibu bila wasiwasi kwa sababu hayamgusi yeye. Nafasi hii ni mpya au kuna aliyeondoka? Imepitishwa kwenye bajeti ya mwaka huu? Usaili una hatua ngapi, na nani anakaa kwenye kila hatua? Nani anasaini ofa? Swali la bajeti lina uzito kuliko yote. Nafasi isiyo na fungu inaweza kusailiwa hadi mwisho na bado ikakosa saini, na watu waliosaili watasikitika kwa dhati kabisa.

Mtihani

Hatua iliyoandaliwa vizuri ilikuwa hii, na haki yake ipewe. Jumamosi saa 3:00 asubuhi, saa tatu za kuandika, kompyuta za kampuni zisizo na intaneti, watahiniwa 11. Nyaraka zilikuwa mbili: mkataba wa mkopo wa kurasa 14 ambamo kampuni inakopa benki na kuweka mali zake dhamana, na mkataba mfupi wa kununua hisa. Kazi: andika memo ya kurasa zisizozidi 3 kwa Mkurugenzi Mtendaji asiye mwanasheria, ukieleza hatari kwa mpangilio wa uzito.

Mtihani wa aina hii hautafuti mtu anayekumbuka vifungu. Unatafuta anayejua nini kinaua muamala na nini kinauudhi tu. Kwenye mkataba wa mkopo mtego mkuu ulikuwa ratiba ya dhamana, yaani kiambatisho cha nyuma kinachohusu mali zilizowekwa dhamana: hapakuwa na mtu aliyepewa wajibu wa kuisajili BRELA. Dhamana ya namna hiyo husajiliwa ndani ya siku 42 tangu iwekwe. Isiposajiliwa haina nguvu dhidi ya mfilisi na wadai wengine, na deni lenyewe hudaiwa mara moja. Wengi huona hiyo ni shida ya benki peke yake, ilhali mkopaji ndiye atakayeamka asubuhi akidaiwa mkopo wote kwa mkupuo. Mtego wa pili ulikuwa azimio la bodi lenye tarehe ya baada ya mkataba. Wa tatu, ushuru wa stempu, ambao hulipwa ndani ya siku 30 tangu kusaini na huzuia hati kupokelewa kama ushahidi usipolipwa. Kwenye ununuzi wa hisa palikosekana sharti la kwamba muamala haukamiliki mpaka idhini ya Tume ya Ushindani ipatikane pale inapohitajika.

Watahiniwa huanguka hapa kwa kugawa muda vibaya. Husahihisha nukta na herufi kubwa kurasa za mwanzo, wakifika kwenye ratiba nyuma ya mkataba saa zimekwisha, na mitego hukaa nyuma. Anayeanza na ratiba, kisha masharti ya awali, kisha matukio ya ukiukwaji, na kuuacha utangulizi mwisho kabisa, huwa ameona kilicho kizito ndani ya dakika 50. Mwombaji wetu alifanya hivyo.

Matokeo hakuambiwa, si ya jumla wala ya kipengele kimoja. Alichopata ni wito wa jopo baada ya wiki mbili, na kwa hilo akajua amefaulu. Mtahiniwa aliyeanguka hakupata hata hicho. Utumishi wa umma, pamoja na malalamiko yote tuliyonayo juu yake, huchapisha majina ya walioitwa kwenye usaili unaofuata, na waliofaulu bila kupangiwa kituo huwekwa kwenye kanzidata. Kampuni binafsi nyingi zina kimya peke yake.

Jopo la watu watano

Aliitwa saa 3:00 asubuhi, akaingia saa 4:40. Muda uliopangwa ulikuwa dakika 45, alipata 22. Dakika 6 za kwanza zilikwenda kwenye "jitambulishe kidogo", kwa sababu wawili kati ya wanajopo walikuwa wakifungua wasifu wake kwa mara ya kwanza mbele yake.

Maswali yaliyobaki yalionyesha yule mwanasheria wa pili. Mkurugenzi wa Fedha aliuliza umeshinda kesi ngapi, utawadai vipi wateja wanaokimbia na mzigo, unamfahamu dalali gani wa mahakama. Hakuna aliyeuliza juu ya mkataba wa mkopo uliokula Jumamosi nzima. Mwombaji wa miamala, aliyesimama mahakamani mara chache tangu aapishwe, alijikuta akitetea kitu ambacho wasifu wake haukudai. Alijaribu kukipamba. Hilo lilikuwa kosa lake. Angesema wazi, "Kesi si eneo langu kuu. Kwa madeni ninachofanya vizuri ni kuzuia yasifike mahakamani, yaani dhamana, ukomo wa mkopo wa bidhaa na barua ya madai yenye tarehe," angelimfunua Mkurugenzi wa Fedha mapema: kama anataka mtu wa kesi, aseme na amalize.

Kisha likaja swali linalokuja mara nyingi kwa wanawake. "Dada, umeolewa? Watoto nani atakaa nao ukitumwa Mwanza?" Hali ya ndoa na majukumu ya familia yamo kwenye orodha ileile ya kifungu cha 7. Mwombaji akionyesha kwamba kuna dalili ya ubaguzi, ni mwajiri anayebeba mzigo wa kuthibitisha kuwa haukuwepo. Shauri huanzia CMA kwa fomu Na. 1 ndani ya siku 60. Hiyo ni sheria. Katika maisha, mawakili wa miamala Dar es Salaam ni kijiji, na anayempeleka mwajiri mtarajiwa CMA anajua kesho jina lake litatajwa mezani kwa wengine. Kutokwenda si woga, ni hesabu.

Kilichobaki ni namna ya kujibu. Kukataa kwa ukali huua usaili, kusimulia familia nzima huwapa wanachokitafuta bila haki. Jibu lililofanya kazi ni kulijibu lile la kazi lililojificha ndani ya swali: "Nimeelewa nafasi ina safari za mikoani. Safari za siku tano kwa mwezi nimezizoea, ila naomba kujua huwa zinapangwa kwa notisi ya siku ngapi." Kisha, ukitoka, andika swali lilivyoulizwa, nani aliuliza na saa ngapi. Karatasi hiyo huenda isitumike kamwe. Ila isiyoandikwa siku ileile haina thamani.

Jopo lenyewe liliharibika kwa sababu ya kiufundi: halikuwa na fomu ya alama ya pamoja. Watu watano wakiuliza wanachotaka bila vigezo vilivyokubaliwa hawapimi, wanapiga kura. Vigezo vitano, alama 1 hadi 5, maswali yaleyale kwa kila mtu, na kila mmoja kujaza kabla hawajaanza kuzungumza, huchukua nusu saa kuandaa.

Kazi ya kufanyia nyumbani

Hapa ndipo kisa kinapokuwa kizito, na ajabu ni kwamba waombaji wengi huliona hili kama kero ya muda tu.

Wiki ya 7 ilikuja barua pepe kwa waombaji watatu waliobaki. Ndani yake kulikuwa na rasimu ya mkataba wa usambazaji, kurasa 31, na maelekezo: ipitieni, rekebisheni, andikeni upya vifungu vyenye udhaifu, rudisheni ndani ya siku 5. Haikuwa rasimu ya mfano. Ilikuwa na jina la upande wa pili, bei, punguzo la kila robo mwaka na tarehe ya kusaini iliyokuwa wiki mbili mbele.

Tuanze na hesabu ya muda. Kupitia mkataba wa kurasa 31 kwa makini ni saa 4 hadi 5, na kuandika upya vifungu ni nyingine 5 au 6. Waombaji watatu, saa 30 za kazi ya kitaalamu kwenye mkataba halisi unaokwenda kusainiwa. Huenda kampuni haikupanga kupata kazi ya bure, lakini ilikuwa mbioni kuipata.

Lakini muda ni la pili. La kwanza ni kwamba mwombaji, alipofika ukurasa wa 4, alitambua upande wa pili ni mteja wa ofisi anayofanyia kazi. Mteja hai, mwenye jalada. Sasa wakili huyu ameshika bei na mkakati wa kampuni inayojadiliana na mteja wa ofisi yake, na amepewa na kampuni anayotaka imwajiri. Akiusahihisha mkataba, anafanya kazi dhidi ya mteja wa ofisi yake. Akiwadokezea wenzake ofisini, anavujisha siri ya mtu aliyemwamini, na anatangaza kwamba anatafuta kazi. Akinyamaza na kuendelea, anabeba mgongano wa maslahi ambao ukijulikana utajibiwa kwenye vyombo vya nidhamu vya mawakili, wala hautajibiwa na afisa rasilimali watu.

Kampuni nayo ilijiweka pabaya. Ilituma bei zake kwa watu watatu wa nje bila hata mstari mmoja wa makubaliano ya siri. Hawa hawakuwa mawakili wake. Hakuna aliyewapa kazi, hakuna aliyewalipa, na kinga inayolinda mawasiliano ya wakili na mteja ni vigumu kuidai pale ambapo hapakuwa na wakili wala mteja.

Alichofanya mwombaji kilikuwa sahihi, ingawa alichelewa siku mbili akiwaza. Hatua zinazofaa ni hizi, kwa mpangilio huu: acha kusoma pale ulipotambua, usiihamishe nyaraka kwenda kompyuta ya ofisi wala kwa rafiki wa kukushauri, jibu siku hiyohiyo, na usimtaje mteja, kwa sababu hata kusema "huyu ni mteja wetu" kunaweza kuwa siri ya ofisi yako. Ujumbe unaotosha ni mfupi: "Kwa sababu za kitaaluma siwezi kuipitia nyaraka mliyonitumia, na nimeifuta. Niko tayari kufanya zoezi la urefu uleule kwa mkataba usio na majina wala bei." Baada ya hapo, ofisini, usiliguse jalada linalohusika. Ukipangiwa, omba udhuru bila kueleza zaidi ya lazima.

Jibu la kampuni lilikuja baada ya siku 9: "Sawa, hatua hii tumeiruka kwako." Wale wawili walifanya kazi yote. Hapo usaili ukakosa mizani, maana mmoja amepimwa kwa mtihani na wengine kwa mtihani na kazi. Zoezi hilo lingeweza kufanyika kwa mkataba wa kurasa 4 uliofutwa majina, dakika 90, ofisini, na kila mtu akasahihishwa kwa alama zilezile.

Video kutoka Nairobi

Wiki ya 9 alikutana na Mkuu wa Sheria wa Kanda kwenye skrini, na mwanasheria wa tatu akajitokeza. Huyu hakujali kesi, na mikataba aliigusa kidogo. Alitaka mtu wa kusajili kampuni kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi chini ya sheria ya 2022, kushughulikia taarifa za wafanyakazi zinazosafirishwa nje ya nchi kwenda seva za kanda, na kuendesha vikao vya bodi.

Yalikuwa mazungumzo mazuri kuliko yote, dakika 50 za watu wanaoelewana, mpaka lilipokuja swali la cheti cha ukatibu wa makampuni. Kwa Kenya swali hilo lina mantiki. Sheria ya Makampuni ya huko ya 2015 inaitaka kampuni binafsi iwe na katibu pale tu mtaji wake uliolipwa unapofika shilingi milioni 5 za Kenya, na katibu huyo ni mtu mwenye sifa na usajili wa taaluma hiyo. Tanzania, Sheria ya Makampuni, Sura 212, inataka kila kampuni iwe na katibu, lakini kwa kampuni binafsi haimdai cheti cha namna hiyo. Mwombaji alijibu tu, "Sina." Alipaswa kueleza kwa sentensi mbili kwa nini hahitaji kuwa nacho. Aliyeuliza akaandika upungufu ambao kwa sheria ya mahali pa kazi haukuwepo. Anayesailiwa na mtu wa nchi jirani asidhani kwamba ukaribu wa mipaka ni ukaribu wa sheria. Aliye nje hajui asichokijua, na kazi ya kumwambia ni ya mwombaji.

Kimya, kisha wadhamini

Kuanzia wiki ya 10 hadi ya 14 hapakuwa na kitu. Alipopiga simu alijibiwa, "Dada, mchakato bado unaendelea, bosi yuko safari, tutakujulisha." Maneno hayo kwa kawaida yana moja ya maana tatu: wewe ni wa pili na wanamngoja wa kwanza ajibu, au wakubwa hawajaelewana, au fedha haijatoka. Huwezi kujua ipi kwa kuuliza "vipi?". Unaweza kukaribia kwa kuuliza kitu chenye tarehe: "Natakiwa kuamua jambo jingine ifikapo tarehe 20. Je, uamuzi wenu utakuwa umetoka kabla?" Mara mbili kwa mwezi inatosha. Kila siku tatu ni kujishusha bei.

Wiki ya 14 wakawapigia wadhamini. Mmoja alikuwa mwenye ofisi anakofanya kazi. Mwombaji alimwandika kwenye fomu kwa sababu fomu ilitaka "mwajiri wa sasa", na hakuongeza maneno sita muhimu: asiulizwe kabla ya ofa ya maandishi. Bosi wake alisikia habari kwa simu, saa 5 asubuhi, akiwa na mteja. Sheria ya taarifa binafsi inampa mwombaji hoja kuhusu matumizi ya taarifa zake, lakini hoja hairudishi simu iliyokwisha pigwa. Fomu ikilazimisha mwajiri wa sasa, jaza cheo na ofisi, namba ya simu uandike "baada ya ofa".

Ofa

Ilikuja Ijumaa jioni ya wiki ya 15, na ilitaka jibu ndani ya saa 24. Cheo kilikuwa kimegeuka kutoka "Mwanasheria wa Kampuni" kuwa "Afisa Sheria". Mkataba wa mwaka 1, matazamio (kipindi cha majaribio) miezi 6, mshahara Sh 4,500,000 ghafi.

Hesabu ya mkononi ni hii, kwa viwango vya kodi vilivyoanza Julai 2021. NSSF asilimia 10 ni 450,000. Kinachotozwa kodi kinabaki 4,050,000, na kodi yake ni 128,000 jumlisha asilimia 30 ya kilichozidi milioni moja, yaani 1,043,000. Mwombaji ni mnufaika wa mkopo wa elimu ya juu, hivyo HESLB inachukua asilimia 15, sawa na 675,000. Mkononi: 2,332,000. Kule alikokuwa alilipwa milioni 5 ghafi, mkononi 2,572,000. Baada ya wiki 15 alikuwa amepewa pungufu ya 240,000 kwa mwezi. Na ili yeye apate ile milioni nne na nusu ya mkononi aliyoifikiria kwenye simu, kampuni ingelazimika kulipa zaidi ya milioni 9 ghafi, kiasi ambacho yeye mwenyewe asingethubutu kukitaja. Pande zote mbili zilikuwa zimebeba namba ambayo hakuna aliyeipigia hesabu.

Kuhusu masharti mengine: mkataba wa muda maalumu kwa mtaalamu unaruhusiwa. Matazamio ya miezi 6 pia yako ndani ya kanuni, kwani ukomo ni miezi 12. Lakini kwa mkataba wa mwaka mmoja ni nusu ya maisha yake, na mfanyakazi asiyefikisha miezi 6 kazini hana ulinzi wa masharti ya usitishaji usio wa haki. Ofa ilimtaka pia aanze ndani ya siku 30 wakati notisi yake kwa mkataba ni miezi mitatu, jambo alilolisema kwenye simu wiki ya 3.

Aliandika kesho yake: atakubali endapo mshahara utakuwa Sh 6,200,000 ghafi, cheo kirudi, na tarehe ya kuanza isogezwe. Ni madai ya haki. Umbo lake ndilo lililomponza. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura 345, ukubali sharti uwe kamili bila nyongeza. Jibu lenye "endapo" ni ofa mpya, na ile ya kwanza imekufa. Mwanasheria analijua hilo kwa wateja wake na kulisahau kwenye barua yake. Angeandika, "Nashukuru kwa ofa. Kabla sijatoa uamuzi naomba ufafanuzi wa mambo matatu, na naomba muda wa jibu usogezwe hadi Jumatano," ofa ingebaki hai wakati mazungumzo yakiendelea. Huenda isingeokoa chochote. Siku nne baadaye, tayari wiki ya 16, kampuni ilijibu kwamba nafasi imesitishwa kutokana na mapitio ya bajeti, sababu ambayo ilikuwepo au haikuwepo tangu siku ya simu ya dakika 12.

Kitu kimoja alikilinda mwanzo hadi mwisho: hakuandika barua ya kuacha kazi. Pia aliomba kwa maandishi nakala za vyeti, hati za mishahara na namba yake ya NIDA zifutwe, akajibiwa kwamba ombi limepokelewa.

Wiki tisa baadaye tangazo lilirudi, safari hii likiwa mawili. La kwanza lilitafuta Afisa Madeni na Mashauri, anayeripoti kwa Mkurugenzi wa Fedha. La pili lilitafuta Meneja wa Uzingatiaji wa Sheria na Kanuni, anayeripoti Nairobi. Mikataba ilipewa mistari miwili kwenye kila moja. Sharti la umri usiozidi miaka 35 lilikuwa palepale.